Hakuna Aliyesema Tua

Kiti cha kwanza kilimpata mpiga picha. Hakuwa na kosa zaidi ya kusimama kati ya Kobe na ramani, lakini asubuhi ile ndani ya karakana hakuna aliyekuwa anachambua makosa. Kiti cha pili kilipasua televisheni kubwa waliyokuja nayo wageni, na treni mpya ya abiria iliyokuwa inateleza ndani yake, nyeupe pe, imejaa watu wanaocheka bila kuambiwa kitu, ikazimika ikiwa katikati ya daraja.

Mkutano ulikuwa umeanza kwa adabu zake zote. Watu wa mpango wa reli waligawa maji ya chupa na kofia zenye picha ya treni. Msemaji wao, mtu wa tabasamu lisilochoka, alieleza kwamba treni hiyo itaunganisha miji yote ya ukanda huu. Mtu atakunywa chai kwake na kufika kazini mji wa pili kabla chai haijamtulia tumboni. Watu wa Kambi wakavaa kofia, wakanywa maji, wakasikiliza. Si kwamba treni ilikuwa ngeni kwao. Kambi yenyewe ni safu mbili za nyumba za matofali, ya juu na ya chini, zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli ya zamani. Reli ilikufa, vyuma vikang'olewa vikauzwa, wafanyakazi wakabaki hapohapo, wakazaa, na watoto wao wakaoana wao kwa wao mpaka ikawa huwezi kumtukana mtu Kambi bila kumgusa shemeji yako.

Ndipo Kobe akainuka kwenda kuitazama ramani kwa karibu. Anaitwa Kobe kwa sababu shingo yake imezama mabegani. Akitaka kukutazama anageuza mwili mzima, kama lori linalotafuta pa kugeukia. Aliweka kidole kwenye mstari mwekundu akaufuata taratibu.

"Unatoka kule umenyooka kama rula," alisema. "Unakuja, unakuja, vizuri kabisa. Halafu ukifika kwetu unakunja kiwiko. Umeona nini hapa? Umeona nyoka?"

Watu wakacheka. Hata wenye ramani walicheka, wakidhani mzee anawachangamshia mkutano.

"Safari ya kwanza mlituletea ramani nyingine," Kobe aliendelea. "Mstari ulipita moja kwa moja, ukachukua uwanja wa vyuma chakavu na nyumba moja. Nyumba moja tu. Sasa umeiruka hiyo moja, umekula safu yote ya chini. Hebu tuambie, Injinia. Hiyo nyumba yenye bahati ni ya nani?"

Kicheko kikakatika kama kimechinjwa. Kila mtu alijua ni ya nani. Shingo ziligeuka, na hazikugeukia meza ya mbele alikokuwa ameketi Injinia na shati lake lililopigwa pasi. Ziligeukia dirishani, alikokuwa ameketi dada yake.

Huyo dada ndiye Binti Sauti. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mageti na madirisha ya nusu ya mji ule yamepita mikononi mwake, na mikono yenyewe imejaa vidoadoa vya cheche kama mtu aliyenyeshewa mvua ya moto. Nyumba iliyorukwa ilikuwa ya mama yake. Yeye mwenyewe analala humo, chumba cha nyuma.

"Ulikuwa unajua," alisema Mama Pacha, aliyekaa ubavuni pake. Wamekua pamoja hao wawili. Wamebebana, wamefichiana, wamezikiana.

"Sikujua."

"Jana umekula kwangu. Umekula, ukasifu, ukaongeza. Na ulikuwa unajua kwamba jiko hilohilo litavunjwa."

"Mama Pacha, nakuambia sikujua."

Mama Pacha alivua kiatu, na kisigino chake kikamchana Binti Sauti juu ya jicho mpaka damu ikamziba. Hapo ndipo kiti cha kwanza kiliporuka. Binti Sauti alirudisha ngumi bila kutazama na akausikia mkono wake ukizama kwenye shavu alilolijua tangu utoto. Walianguka pamoja kati ya viti, wameshikana nywele, kila mmoja akilia na kupiga. Juu yao Kambi ilikuwa imekuwa chungu kinachofurika. Vijana waliichana ramani. Msemaji alikwenda chini na tabasamu lake. Halafu askari waliokuwa nje wakaingia na marungu, na hao angalau hawakuwa na upendeleo: walimpiga aliyerusha kiti, aliyepigwa na kiti, na aliyekuwa bado anakunywa maji.

Injinia alitolewa kwa mlango wa nyuma, koti limefunikwa kichwani.

Ili ujue kwa nini mambo yalifika huko, lazima usikie habari ya genge, kikosi cha wabeba reli wa zamani. Wenye reli hawataki ikumbukwe, na ndiyo sababu inasimuliwa hapa.

Reli moja ya chuma, urefu wake mzima, ni mzigo usiobebeka. Watu wazima wakijipanga kila mmoja na nguvu zake, itawashinda au itawaua. Inabebwa na mwili mmoja wenye miguu mingi, na mwili huo unaongozwa na sauti. Kwa hiyo kila genge lilikuwa na mwitaji. Mwitaji hubeba kidogo au habebi kabisa. Anasimama mbele, kiganja chake juu ya kichwa cha reli, na mwenye kiganja hapo ndiye mwenye neno. Akisema *shika*, wote wanainama. *Bega*, chuma kinapanda. *Twende*, mguu wa kushoto. Na mwisho *tua*, wote wanaachia kwa pamoja na kuruka nyuma. Kati ya bega na tua hakuna mwenye mamlaka na mwili wake. Nyuki akikuuma unasimama. Ukibanwa na chafya unaimeza. Anayeachia kabla ya tua anamvunja mgongo mwenzake, na mtu wa hivyo genge halikumpigia kelele wala kumfukuza. Halikumsemesha tena, basi, mpaka anakufa. Sheria hiyo haikuandikwa na kampuni. Kampuni haikuwa na habari nayo. Ilikuwa yao.

Baba yake Binti Sauti alikuwa mwitaji, na jina la Sauti alilipata humo.

Mwaka wa mgomo walikuwa wanadai viatu. Ndiyo, viatu, watu walikuwa wanatandika vyuma vya moto na mataruma miguu mitupu. Kampuni ikaleta watu wengine wa kuendesha treni, na genge likaamua kuweka reli kukingamisha lango la karakana. Waliibeba asubuhi, mbele ya watu wote, wakiimba. Askari walikuwa wamepangwa pale langoni. Hakuna aliyewatangazia kitu. Risasi ya kwanza iliingia kooni mwa Sauti, na mtoto wake, aliyekuwa amesimama kwenye uzio na chakula cha baba yake mkononi, alimwona akikaa chini polepole kama mtu aliyechoka.

Genge likasimama. Hapo ndipo penye uchungu, na hapo watu wa mbali huwa hawaelewi hata ukiwaeleza mara ngapi. Wangeweza kuachia wakakimbia. Hawakuachia, kwa sababu mwenye neno alikuwa chini anatapatapa na neno halijatoka. Kila mmoja alishikilia kwa ajili ya mgongo wa jirani yake. Risasi zikawachukua kuanzia mwisho mmoja, uzito ukahamia kwa waliobaki, nao wakaupokea, magoti yakitetemeka, wakisubiri. Hakuna aliyesema tua. Mwishowe walibaki wachache mno, na chuma kikajiangukia chenyewe juu ya wazima na waliojeruhiwa. Kobe ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Reli ilipita shingoni mwake.

Magazeti yaliandika: ajali ya kazini, reli yawaangukia wafanyakazi kwa uzembe wao wenyewe.

Injinia alikuwa bado tumboni. Na ile reli ilivutwa na trekta ikalazwa kando ya ukuta wa karakana, na tangu hapo watu huikalia wakipiga soga. Lakini kuiinua, hakuna aliyejaribu.

"Nani amekuchana?" mama aliuliza Binti Sauti aliporudi kutoka mkutanoni, kitambaa kimelowa usoni.

"Mama Pacha."

"Ana mkono mzito yule. Tangu mdogo."

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, fimbo mapajani, na hakuuliza sababu. Binti Sauti aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Alasiri Injinia akaja, ukosi wa shati umening'inia, na askari wawili wakabaki kibarazani. Alimwamkia mama yake, akavuta kigoda.

"Dada, kaa kwanza."

"Sikai. Nyoosha mstari."

"Mstari si kamba ya kuanikia nguo."

"Kuupinda ulijua kuupinda."

"Niliupinda kwa sababu." Akamtazama mama, na mama akawa anatazama vidole vyake.

"Mwambie," mama alisema. "Mwambie ni mimi."

Nje mmoja wa askari alikohoa. Binti Sauti alihisi jeraha la jichoni linapiga kama moyo wa pili.

"Nilimwomba mwanangu," mama aliendelea. "Baba yenu alitoka kwa mlango huu mzima, akarudishwa kwa mlango huuhuu kwenye turubai. Nikasema nikifa na mimi nitolewe hapa. Hilo ni kosa?"

"Na Mama Pacha atolewe wapi? Na Kobe, ambaye hata kulala hawezi mpaka ajue ukuta uko upande gani?"

"Sikuuliza. Nilikuwa naomba, sikuwa nahesabu watu."

Injinia aliingilia haraka, kama mtu anayepeleka maji kwenye moto. "Sikiliza, dada. Haikuwa rahisi. Ilibidi niwape wakubwa sababu. Nikaandika kwamba nyumba hii ni kumbukumbu, kwamba mwitaji wa genge aliishi humu, kwa hiyo haigusiki. Wakapenda. Wakapenda sana. Watabandika bamba ukutani, abiria walione wakipita."

"Bamba litasema nini?"

Injinia akaanza kuurudishia ukosi wake ulioning'inia.

"Nimekuuliza, mwana wa mama yangu. Litasema nini?"

"Kwamba hapa aliishi mmoja wa waliofariki katika ile ajali."

"Ajali."

"Ndiyo lugha waliyoikubali, dada. Nilijitahidi. Neno lingine lisingepita, na bila bamba nyumba isingepona. Kama nyumba isingekuwepo mstari ungejinyoosha wenyewe, wala nisingekuwa na cha kuwaambia. Lakini ipo. Na tingatinga linakuja keshokutwa asubuhi, kwa hiyo tuongee kama..."

Hakumaliza. Mkono uliozoea nyundo ulimkuta puani, na pua ikatoa mlio wa kijiti kikavu. Alianguka na kigoda chake. Dada alimfuata palepale chini, akampiga tena mdomoni, mahali lile neno lilipotokea, akataka kumpiga mara ya tatu. Askari walishaingia. Kitako cha bunduki kilimpata mbavuni, cha pili begani, na buti likamkanyaga mkono.

"Mwacheni," mama alisema kutoka kitini, bila kupaza sauti. "Hawa ni ndugu, wanaongea."

Askari wakasita kidogo, wakatazamana. Wakamwinua Injinia, wakaondoka naye akidondosha damu kwenye sakafu aliyotambaa juu yake akiwa mchanga.

Kesho yake yote mama na binti hawakusemeshana. Nyumba nzima ilikuwa na kelele za fimbo tu, ikigonga sakafu kutoka kiti hadi kitanda. Kambi nayo ilikuwa imemsusa Binti Sauti. Alikwenda kisimani watu wakampisha kama mwenye upele. Mtu aliandika MSALITI kwa mkaa kwenye ukuta wao. Alilitazama lile neno. Lilikuwa limeandikwa mahali palepale ambapo bamba lingekaa, na alijikuta anaona afadhali hilo.

Siku yenyewe tingatinga lilisikika kabla ya kuonekana. Matofali yalianza kutetemeka, vikombe vikalia kabatini. Nyuma yake magari ya askari, ngao, kofia za chuma. Injinia naye alikuwepo, uso umevimba, plasta katikati kama sahani iliyogundishwa. Watu wa safu ya chini walikuwa wamekusanya mawe kwenye mabeseni.

Binti Sauti aliingia chumbani, akainama mbele ya kiti cha mama.

"Panda mgongoni."

"Nyumba yangu haivunjwi. Imelindwa."

"Panda, mama."

"Sitaki." Na fimbo ikatua kichwani kwa Binti Sauti, ikatua tena. Mama alikuwa na mkono mwepesi kwa umri wake. Binti hakujikinga. Alimzoa kama mtu anavyozoa nguo za kuanikwa, akatoka naye akipigwa masikio, akavuka njia, akamweka kwenye kibaraza cha Mama Pacha.

Mama Pacha, jicho moja limefumba kwa uvimbe, alikuwa ameinua beseni la mawe. "Umeniletea mgeni siku nzuri kweli," alisema.

"Mtunzie fimbo yake. Halafu njoo karakana. Lete kila mwenye bega."

"Nikufuate wewe, nimekuwa chizi?"

"Usinifuate mimi. Ifuate reli."

Mama Pacha aliliweka beseni chini.

Kobe alikuwa amekaa juu ya ile reli, peke yake, anasubiri kufa au chochote kitakachotangulia. Aligeuza mwili mzima kumtazama.

"Simama, baba," Binti Sauti alisema. "Tunaiinua."

"Hii?"

"Hiyo."

"Na nani ataita?"

"Mimi."

Kobe aliinuka kutoka kwenye reli. Macho yake yalikuwa makavu. "Ukianza kuita, utamaliza?"

"Nitamaliza."

Wakaja. Walikuja wakimnunia, lakini walikuja: watoto wa genge, wakwe wa genge, wanawake waliojifunga kanga viunoni, vijana ambao habari ya bega na tua waliisikia wakiwa wananyonya. Wakajipanga kando ya chuma. Kobe akachukua nafasi ya mbele, palepale alipokuwa siku ile. Binti Sauti akaweka kiganja chake kilichokanyagwa juu ya kichwa cha reli. Ilikuwa baridi.

"Shika," alisema, na waliokuwa wakubwa mwaka ule wakashtuka. Ilikuwa sauti ya baba yake, imevaa gauni.

"Bega."

Chuma kilipanda. Kutu ikawamwagikia. Mtu alijamba kwa uzito na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Twende."

Wote walidhani wanakwenda kukinga barabara, kama wazee wao. Walitoka langoni kwa mguu wa kushoto, na askari walipoona chuma kile kinakuja wakapandisha ngao. Lakini penye njia panda Binti Sauti aliita kushoto, na mwili wenye miguu mingi ukakunja kushoto kabla vichwa havijauliza.

"Binti Sauti," Kobe alisema, anahema. "Unatupeleka wapi?"

"Kwa mama."

"Kufanya nini?"

"Kubisha hodi."

Pigo la kwanza lilitoboa lile neno la mkaa. Matofali yaliingia ndani na kabati la vikombe likaanguka, vyote kwa pamoja. *Nyuma*, aliita. *Mbele*. Ukuta ulipasuka kuanzia dirisha hadi paa. Kule kibarazani mama alitoa mlio mdogo, wa mtu aliyechomwa sindano. *Nyuma. Mbele.* Watu walianza kuelewa. Mama Pacha, begani kwake chuma kimekwangua ngozi, alielewa kabla ya wengine, akaanza kulia huku anasukuma.

Kamanda wa askari alielewa tofauti. Karatasi aliyopewa ilisema safu ya chini ivunjwe na nyumba ile moja ilindwe, na sasa alikuwa anaona wahuni wanaivunja iliyolindwa. Alitoa amri. Ndivyo askari walivyotumwa, kwa mara ya kwanza katika maisha ya Kambi, kutetea nyumba ya mtu wa genge.

Walifika wakikimbia. Mtu aliyebeba reli hana mkono wa kujikinga, na marungu yalilijua hilo. Yalipiga migongo, yalipiga magoti, yalipiga vidole vilivyoshika chuma. Kijana mmoja sikio lilichanika likaning'inia. Kobe alipigwa usoni mara nyingi kwa kuwa uso wake haukuweza kugeuka. Binti Sauti alikuwa anafungua kinywa kuita *mbele* nyingine, ukuta wa mwisho ulikuwa unayumba, paa limekaa upande, ndipo rungu lilipompata kwenye taya. Alisikia mfupa wake ukivunjika kabla ya kusikia maumivu. Alikaa chini. Polepole, kama mtu aliyechoka.

Akafungua mdomo, na kilichotoka ni meno.

Genge likasimama.

Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyeachia. Chuma kilikuwa begani, neno lilikuwa chini na mwenyewe, na marungu yaliendelea kama watu wanaopura mpunga. Binti Sauti aliwaona kutoka vumbini: magoti yakitetemeka, macho yote yakimtazama yeye, kila mmoja akishikilia kwa ajili ya mgongo wa jirani. Alijaribu kusema tua. Taya halikuwa lake tena.

"Tua," Injinia alipiga kelele. Alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye magari, plasta imebanduka, mikono hewani. "Tueni jamani, watawaua. Tua."

Hakuna aliyetua. Genge halichukui neno la mtu wa pembeni.

Fimbo ndiyo iliyosikika, ikigonga ardhi. Mama alikuwa ameshuka kibarazani. Alipita katikati ya askari bila kuomba njia, mdogo, amepinda, akakanyaga matofali yake mwenyewe. Askari mmoja aliinua rungu, labda kwa mazoea, na Injinia akaingia kati, akalipokea mgongoni, akamwinamia mama yake kama kibanda, akapigwa tena. Mama hakugeuka. Aliiacha fimbo ianguke. Akainua mkono, akauweka juu ya kichwa cha reli.

Tangu amzike mumewe hakuwahi kulitamka hata moja kati ya maneno ya genge. Vyakula alivitua akisema "weka". Mizigo aliitua akisema "shusha".

"Nyuma," alisema.

Walirudi nyuma, damu ikiwachuruzika.

"Mbele."

Ukuta wa mwisho ulikwenda. Paa lilikuja lote, bati na mbao na masizi ya miaka yote, na vumbi likapanda likafunika kila mtu, aliyepiga na aliyepigwa, mpaka wakawa rangi moja. Ndani ya vumbi hilo, marungu yakiwa yamesita kwa kutomwona wa kumpiga, sauti ya mama ikasikika, kavu, bila haraka.

"Tua."

Wakaachia kwa pamoja. Wakaruka nyuma kwa pamoja. Chuma kilipiga ardhi na mlio wake ukasikika mpaka kwenye karakana, na chuma hakikumwangukia mtu.

Vumbi liliposhuka hapakuwa na nyumba. Kamanda alisimama na karatasi yake, anatazama mahali ambapo kitu alichotumwa kukilinda kilikuwa. "Injinia," alisema. "Sasa mstari unapita wapi?"

Injinia alikuwa amepiga magoti kwenye matofali. Aliinua mkono usio na nguvu, akaonyesha: uwanja wa vyuma chakavu, kifusi cha nyumba ya mama yake, moja kwa moja, hadi upeo. Kisha akamwambia mwendesha tingatinga ageuze.

Walikamatwa, bila shaka. Walioweza kutembea walitembea wenyewe hadi kwenye magari. Kijana wa sikio alishonwa, sikio likakaa vibaya, mpaka leo anaitwa Kikombe. Kobe alipoteza jicho, akasema heri, maana la upande huo lilikuwa halioni kitu ila ukuta. Injinia aliachishwa kazi kwa kosa la kushindwa kulinda kumbukumbu ya taifa. Safu ya chini ipo. Mama anaishi humo, kwa Mama Pacha, na wanagombana kutwa kuhusu chumvi.

Treni nayo inapita, nyeupe pe, imenyooka kama rula. Haisimami Kambi, kituo hakikuwekwa, na hilo nalo litakuwa na siku yake. Abiria wanatazama simu zao.

Gazeti liliandika pia, kabla hata kifusi hakijazolewa. Mama Pacha, alipoachiwa, alilisoma kwa sauti kibarazani, kidole chini ya kila neno: kwamba wakazi wa Kambi, kwa furaha ya kupokea maendeleo, walibomoa wenyewe na kwa hiari nyumba iliyokuwa njiani, na kwamba mwanamke mmoja aliumia taya kwa kuangukiwa na tofali.

"Ajali," mama alisema.

Binti Sauti, taya limefungwa waya, alitaka kucheka akashindwa. Alishika kipande cha mkaa kilichokuwa jikoni, akatoka nje, akaenda hadi kwenye ile reli iliyobaki ilipoangukia, akaanza kuandika juu yake majina ya genge la baba yake, kuanzia kichwa.